Kofia ya Malkia Haianguki

Kofia ya malkia haianguki. Hapa kaunti ya Sandrock, Wyoming, ambako upepo hung'oa mabati na kuyapeleka kwa jirani, mengine yote tunasameheana. Malkia wa rodeo, yale mashindano yetu ya kupanda farasi na fahali, akisahau jina la gavana, tutacheka. Akiangushwa na farasi, tutamwombea na kumpelekea supu. Lakini akipita mbio mbele ya jukwaa, mkono mmoja umeshika hatamu na mwingine unatupungia, halafu kofia imtoke kichwani na kubingirika mavumbini, hapo watu watahadithia hadi wajukuu. Ninajua, maana anayehadithiwa ni mimi.

Naitwa Marlys Oberg. Nimevuka hamsini, sijaolewa, na mwenye kutaka kunipa pole abaki nayo. Nilipokuwa na miaka ishirini niligombea taji la Sandrock, lile linalofungwa juu ya kofia, na kwenye kona ya tatu upepo ukanichukulia kofia. Nikageuka kuitazama. Hilo ndilo lililoniponza, kugeuka. Taji akalichukua Doreen, na hakutosheka, akamchukua na kaka yangu pia, akawa wifi yangu. Mpaka leo dirisha likiingiza kaupepo mezani, Doreen huniuliza, "Wifi, nikushikie kitu?"

Tangu siku ile sikuvaa tena kofia pana. Nilivaa kepu ya duka la mbegu, na nywele nikazikata fupi kama za askari. Lakini sayansi ya kofia niliisomea kwa hasira. Kutoka hapa hadi Nebraska hakuna anayejua kubana kofia kichwani kunishinda: nywele zitimuliwe kwanza, zipuliziwe dawa mpaka ziwe ngumu kama ukoko, pini zikingamane, na utepe wa mawigi ubandikwe kwa ndani kuzunguka paji. Binti yeyote niliyembana mimi, kofia ingetoka na kichwa chake.

Kwa hiyo Shaylee, binti wa kaka yangu na huyohuyo Doreen, aliposhinda taji, hakumtafuta mtu mwingine. Alikuja kwangu mbio, taji mkononi, akipiga kelele, "Shangazi, washa gari!" Nikawasha. Nikawa dereva, msusi, mshonaji, mpishi na mlinzi wa Malkia wa Rodeo wa Sandrock.

Mtu asikudanganye kwamba malkia huketi kwenye kiti. Malkia wetu alilala kwenye trela, mbele kitanda chetu, nyuma farasi wetu Seneta akikoroma. Tulimwita Seneta kwa sababu hafanyi kazi mpaka apigiwe makofi. Alfajiri tulikuwa kwenye gwaride la mji mmoja, mchana kwenye ufunguzi wa duka la matrekta, jioni kwenye rodeo ya watu wengine. Shaylee alikula soseji za kwenye kijiti akiwa amesimama ili suruali isijikunje. Meno aliyapaka mafuta ya mgando ili midomo isikwame kwenye tabasamu. Kwenye nyumba za wazee alichumbiwa kila wiki, na mzee mmoja asiye na jino hata moja alimwahidi ng'ombe wake wote na mashine mpya ya kusikilizia.

Kwenye rodeo za ugenini malkia hupewa farasi wa kuazima, na mwenye kuazima hachagui. Pale Alkali Springs tulipewa jike mmoja anayekata kona za kushoto tu. Lango la kutokea lilikuwa kulia. Shaylee alizunguka uwanja ule akipunga mkono, akazunguka tena akipunga mkono, watu wakasimama kumshangilia wakidhani ni heshima maalumu kwa mji wao, mpaka nikaruka uzio kwenda kumshika yule jike mdomo. Alipotoka alikuwa bado anatabasamu, yale mafuta ya mgando yamemganda kabisa.

"Shangazi," akaniambia kupitia meno, "nifungue midomo."

Njiani tulicheka mpaka tukaegesha gari pembeni. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na sikuwa nimewahi kuwa na maisha matamu kama yale.

Tatizo likawa moja. Malkia hutawala mwaka mmoja, kisha kwenye rodeo yetu ya Julai anamvika taji anayefuata. Lakini Sandrock ina ng'ombe wengi kuliko watu, na mabinti wachache tulio nao wamekimbilia vyuo, voliboli na kazi za mafuta. Mwaka ule hakugombea hata mmoja. Na desturi yetu inasema taji haliachwi bila kichwa, kwa hiyo asipopatikana mrithi, aliyepo anaendelea. Shaylee akaendelea. Mwaka uliofuata, hivyohivyo. Na desturi hiyohiyo inasema malkia asiwe mtu aliyeolewa.

Sasa Shaylee alikuwa na Clete. Clete Hansgen huwavisha farasi viatu, na ni mpole kiasi kwamba farasi humsinzilia begani akiwa kazini. Alimchumbia Shaylee kabla ya taji. Akasubiri mwaka wa kwanza akitabasamu. Akasubiri wa pili akitabasamu kidogo. Mwaka huu wa tatu, majira ya kuchipua, tukiwa barabarani tunarudi kutoka Nebraska, Shaylee akazima redio.

"Shangazi, naolewa Jumapili ya rodeo. Siku moja baada ya kuvua taji."

"Umempata wa kumvika?"

"Bado."

"Sasa unaolewaje?"

"Nimeshakodi kanisa. Keki imeagizwa. Baba ameshamteua ng'ombe wa kuchinjwa, na ng'ombe mwenyewe ameanza kutuangalia vibaya. Nikikosa mrithi Jumamosi, Jumapili nitawalisha watu nyama ya msiba."

"We mtoto una wazimu."

"Nimerithi upande wa shangazi zangu," akasema, akawasha redio.

Tulikwenda kwa Verlin Stubbs, mwenyekiti wa rodeo, mzee mwenye mkanda mpana na tumbo lililouzidi mkanda. Nilimwomba mwaka huu desturi ilegezwe kidogo, msichana amechoka, mchumba amekonda.

"Marlys," akasema, "taji bila kichwa ni bati. Mama yangu alilivaa, wifi yako alilivaa. Leteni mwanamke wa Sandrock asiyewahi kuolewa, anayeweza kukaa juu ya farasi. Azunguke uwanja mbio, kofia ibaki kichwani, nimpe taji, harusi iendelee, na mimi nile hiyo nyama. Kofia ikidondoka, basi. Shaylee anaendelea mwaka mwingine."

"Hata kama mgombea ni mmoja tu?"

"Akiwa mmoja tu atapambana na upepo. Na wewe unaujua upepo wetu."

Alisema hivyo akicheka, tumbo likicheka naye. Nilitamani kumpiga na kepu yangu.

Basi tukaanza kuwinda. Kila tulikokwenda na Shaylee kupunga mkono, mimi nilikuwa nyuma ya majukwaa nawachunguza mabinti kama mnunuzi wa ndama mnadani. Huyu mrefu mzuri, lakini anaogopa farasi. Huyu haogopi chochote, lakini ameshaolewa na kuachika, naye hajafika miaka ya kura. Mmoja alikubali palepale kwa furaha, tukamkumbatia, ndipo akatuambia anatoka kaunti ya jirani na amekuja kwa shangazi yake kula maharage. Shaylee alikaa kwenye ngazi ya trela akatafuna ukingo wa mkono wa shati lake wenye puleki.

"Clete atachoka, Shangazi," akasema. "Hajasema, lakini jana alimvisha farasi kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Clete! Hajawahi."

Aliposema hivyo nikaona macho yake na nikaacha kutania. Nilimpenda yule mtoto kuliko kitu chochote chenye miguu.

Tulimpata Brinley Tatum mahali ambapo hatukuwa tukimtafuta, kwenye mgahawa wa Three Posts, akiwa amebeba sahani za chapati za maziwa mpaka kwenye kiwiko na anamkaripia mteja bila kudondosha hata moja. Binti wa miaka kumi na tisa, mabega haya! Kwao wote ni wapanda fahali, baba, kaka, hadi bibi katika ujana wake. Nilimwuliza kama ameolewa.

"Mimi? Na nani? Wavulana wote wa hapa nimewavunja kitu."

"Kofia unayo?"

"Mama, mimi nilizaliwa na kofia."

Shaylee alimrukia shingoni, sahani zikadondoka zote.

Mwezi ule mzima tulimfundisha kupunga mkono kwa kiwiko badala ya kifundo, kutabasamu bila kuonekana anataka kuuma, na kumshukuru kila mtu, hata mbwa. Shaylee na yeye wakawa chanda na pete, wakinong'ona na kucheka kila nilipogeuka. Nilidhani wanamsema Clete.

Jumamosi ya rodeo ikafika na jua lake na upepo wake. Ilikuwa alasiri, uwanja umejaa, harufu ya nyama ya kuchoma na samadi, fahali wanapiga mateke milango yao. Nilimkalisha Brinley kwenye trela, nikamtimua nywele, nikazipulizia dawa mpaka sote wawili tukakohoa. Kofia yake nyeupe ilikuwa imening'inia kwenye kigingi juu ya mlango, palepale nilipoitundika mwenyewe. Nikasema nakwenda kumtazama Seneta mara moja kisha nije nimbane.

Niliporudi, Brinley amesimama katikati ya trela, uso mweupe kama unga, kidole kimenyooka. Kofia ilikuwa kitandani.

Kwa watu wetu kofia haiwekwi kitandani, ni nuksi. Usiniulize kwa nini. Baba yake Brinley aliiweka siku moja tu, hotelini, na jioni yake fahali alimkalia. Mimi sijawahi kuiweka kofia kitandani tangu nijue kutembea. Ningeweza kuisahau jikoni au kumvika mbuzi, lakini si kitandani.

"Umeiweka wewe, Shangazi Marlys?" Brinley akauliza kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Sijaiweka! Niliitundika!"

"Basi imeshukaje? Imetembea?"

Shaylee akachungulia mlangoni, akaona, akajishika mdomo. "Mungu wangu. Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimekwambia niliitundika!"

"Ulikuwa na haraka," Shaylee akasema. "Tangu asubuhi una haraka. Asubuhi umetia chumvi kwenye kahawa yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Nikaanza kujitilia shaka. Nikamwambia Brinley tuchukue kofia nyingine, tuchukue hata kumi, lakini alikuwa ameshaanza kuvua buti.

"Mimi leo sipandi kitu chenye miguu minne," akasema. "Wala baiskeli. Samahani, Mama. Baba yangu mpaka leo hawezi kukaa bila mto."

Huko nje mtangazaji akaanza kuwasifu wafadhili, maana yake tulikuwa na muda wa kumsifu muuza mbolea na muuza mafuta, kisha basi. Shaylee akakaa kwenye ngazi. Clete akatokea na mfuko wake wa vyombo, akamtazama Shaylee, akanitazama mimi. Akavua kofia yake na kuishika kifuani kama yuko mazikoni. Harusi ya mtoto wangu ilikuwa imekufa, na aliyeiua, kwa akili yangu yote, ni mimi.

Verlin Stubbs akaja akipumua. "Yuko wapi mgombea?"

Ndipo Shaylee akanyanyua uso.

"Mzee Verlin, ulisema mwanamke wa Sandrock, hajawahi kuolewa, anaweza kukaa juu ya farasi."

"Ndiyo."

"Ulisema umri?"

"Sikusema umri," Verlin akakubali. Wote wakanigeukia. Nami nikageuka nyuma kuona wanamtazama nani.

"Thubutu!" nikasema. "Thubutu, Shaylee! Mimi nina magoti mabovu!"

"Farasi ndiye atakayetumia magoti."

"Watanicheka!"

"Wanakucheka kila mwaka, Shangazi. Leo wape sababu mpya." Akasimama akanishika mikono. Mikono yake ilikuwa baridi. "Uliiweka kitandani. Basi tuokoe. Nakuomba."

Wifi Doreen alikuwa amefika bila mtu kumwona, kama kawaida yake kwenye msiba wa mtu. "Huyu?" akasema. "Na nywele hizo? Pini mtazipachika wapi, masikioni?"

Na hapo wifi alikuwa na haki, namkubalia. Nywele zangu hazikuwa na kina cha kushika hata njiti. Ujuzi wangu wote wa kofia, miaka yote ile, haukuwa na pa kushika kwenye kichwa changu mwenyewe. Nikavua kepu nikawaonyesha.

Clete akakohoa. Clete hasemi mpaka aulizwe, kwa hiyo tuligeuka wote.

"Nina gundi," akasema.

"Gundi ya nini?"

"Ya kwato. Kwa farasi wasioweza kupigiliwa misumari." Akaona haya. "Haiachii kirahisi, Shangazi. Ile ya Seneta ilikaa mpaka kwato ikakua."

Sikumbuki kukubali. Nakumbuka nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Shaylee amenifungia blauzi yake ya puleki ambayo vifungo vyake viliomba msamaha, Brinley ananipaka wanja, na Clete ananivisha kofia nyingine nyeupe kwa heshima ileile anayompa farasi mgonjwa, tone hapa, tone pale, huku ananiambia, "Tulia, mama, tulia, karibu tunamaliza." Kichwa kikapata joto. Wote wakakunja nyuso wakisubiri. Clete akaivuta kofia kidogo, na nyusi zangu zikapanda nayo.

"Imeshika," akasema.

Waliponipandisha juu ya Seneta nilikuwa nacheka. Cheko la hofu, lile linalotoka lenyewe. Lango likafunguliwa. Mtangazaji akasoma jina langu, akanyamaza, akalisoma tena, halafu akasema, "Mabibi na mabwana, naambiwa si utani."

Uwanja mzima ukalipuka. Walicheka wazee walioniona nikiwa na miaka ishirini, wakacheka na watoto waliosimuliwa. Mmoja akapiga kelele, "Marlys! Shikilia kofia!" Mwingine akaitikia, "Tumeweka mtu huko nje aidake!" Kisha wakaanza kupiga makofi, yale makofi ya dhihaka, ya pamoja, jukwaa lote, na miguu ikigonga mbao.

Walichosahau ni kwamba nilikuwa juu ya Seneta.

Seneta hajui dhihaka. Seneta alisikia makofi ambayo maisha yake yote hajawahi kupigiwa, makofi ya kaunti nzima, akainua masikio, akajaza kifua, akaondoka. Sijawahi kukimbizwa hivyo na mnyama yeyote. Kona ya kwanza niliikata nikiwa bado nasema "polepole." Kona ya pili nikakumbuka kwamba nina mkono wa kupunga, nikaunyanyua. Puleki zikawaka. Kifungo kimoja kikaniaga.

Kona ya tatu ilikuwa inanisubiri. Mimi na ile kona tunajuana. Pale ndipo upepo hutokea kati ya jukwaa na vizimba vya fahali, ukiwa umebanwa na una hasira, na ulinifikia kama nilivyoukumbuka, ukaingia chini ya ukingo wa kofia, ukavuta. Nikahisi kofia inanyanyuka, na ngozi ya kichwa inanyanyuka, na masikio yanataka kufuata. Machozi yakanitoka pande zote mbili. Mwili wangu mzima ulitaka kugeuka kutazama nyuma.

Sikugeuka. Nilitazama mbele, katikati ya masikio ya Seneta, nikanyoosha mkono na kuwapungia kwa kiwiko, kama ninavyowafundisha wengine. Makofi yakabadilika. Ukiwa juu ya farasi unayasikia yakibadilika. Walikuwa wamesimama. Doreen alikuwa amesimama juu ya uzio, anapiga mayowe, "Nenda, wifi! Nenda!" na naapa alikuwa analia, ingawa yeye atakwambia ni vumbi.

Seneta alisimama mwenyewe mbele ya Verlin, kwa sababu makofi yalikuwa mengi zaidi pale. Verlin akanitazama kichwani.

"Kofia ipo," akasema kwenye kipaza sauti, na sikusikia kilichofuata.

Shaylee akaja juu ya farasi mwingine, akaegesha karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Desturi ni kwamba malkia anayetoka analifungua taji kwenye kofia yake mwenyewe, analifunga kwenye ya anayeingia. Alipoinama kufunga, akaleta mdomo sikioni kwangu.

"Hukuiweka wewe, Shangazi."

"Nini?"

"Ile kofia. Niliiweka mimi. Brinley alijua. Ule weupe usoni ni poda yako."

Nilitaka kugeuka, lakini alikuwa amenishika taji. Niliangalia kwa pembeni, nikamwona Brinley amekaa juu ya lango, anakula soseji ya kwenye kijiti, akanipungia kwa kiwiko, vizuri kabisa. Alikuwa na buti zake miguuni.

"Una wazimu," nikanong'ona. "Na harusi yako? Kofia ingeanguka je?"

"Ningesubiri mwaka mwingine. Clete alikubali."

"Clete naye!"

"Nani angetembea na gundi ya kwato kwenye rodeo, Shangazi? Fikiri." Akafunga pini ya mwisho. "Brinley atagombea mwakani, ametuahidi. Sisi tulitaka wewe kwanza. Kule Nebraska, majira yale, ulidhani nimelala. Nilikuona kwenye kioo cha gari. Ulikuwa umelivaa taji langu, unapunga mkono gizani."

Kwenye kona ya tatu nilikuwa nimelia kwa ajili ya upepo. Sasa nililia kwa ajili yangu, tena kwa sauti, na watu wakashangilia wakidhani ndiyo desturi.

Jumapili kanisa lilijaa. Yule ng'ombe alikuwa tayari, mtamu kuliko nilivyotarajia kutokana na macho aliyokuwa akitupigia. Shaylee aliingia na gauni jeupe na buti, bila kitu kichwani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, katoto kepesi, kadogo, kanacheka, na Clete akamtazama kana kwamba mtu amemrudishia kitu alichokata tamaa nacho. Mchungaji akawaomba watu wote wavue kofia. Zikavuliwa, zikapumzishwa magotini, safu kwa safu, ikabaki moja tu, nyeupe, yenye taji, kwenye benchi la mbele.

Mchungaji akanitazama. Nilimtazama.

Doreen akaniegemea. "Wifi," akanong'ona, "si uivue, ni kanisani."

"Haitoki," nikamwambia. "Ni gundi ya kwato. Clete anasema mpaka nywele zikue."

Akanitazama, midomo ikimcheza, kisha akanyoosha mkono na kuniwekea taji sawa, maana lilikuwa limeinama kidogo upande wa kushoto. Sikumwambia kwamba asubuhi ile, nikiwa peke yangu mbele ya kioo, nilikuwa nimejaribu kwa kidole na kuona ukingo wa nyuma wa kofia umeshaanza kuachia.